Trela ya sekunde 30 ya kipindi cha studio ya chuo: muswada uanzie wapi?

mwaka_wa_tatu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Tuko mwaka wa tatu, utayarishaji wa televisheni, Dar es Salaam. Kipindi chetu cha mtihani ni cha mazungumzo, dakika 28, kinaruka mubashara YouTube kutoka studio ya chuo siku ya Alhamisi saa 1:00 usiku, siku 12 kuanzia leo. Mada ni vyumba vya kupanga kwa wanafunzi waliokosa hosteli: kodi ya miezi sita, dalali, mwenye nyumba, usalama, maji. Kabla ya kipindi tunatakiwa kutoa trela ya sekunde 30, na muswada wa trela una alama zake peke yake.

Tuna kamera tatu za studio na swicha (ya kubadilisha kamera), kamera moja ya kubeba inayorekodi 4K (pikseli 3840 kwa 2160), simu, maiki mbili za kubana kwenye nguo, maiki moja ya studio na taa nne za LED. Tuko tisa.

Tumekwama hapa:

1. Rasimu yetu ina maneno 96 na shoti 31. Tukiisoma tunapitiliza muda kila mara.
2. Kipindi hakijarekodiwa, kwa hiyo hatuna vipande vya kukata. Trela inatengenezwa na nini?
3. Aongee nani, mtangazaji au msimulizi asiyeonekana?
4. Wenzangu wanataka tuweke Bongo Fleva inayovuma sasa hivi chini ya sauti.
5. Jina la kipindi bado linapigiwa kura.

Naomba msaada wa hatua kwa hatua, si wa jumla.

---

meza_ya_uhariri

Nianze na hayo maneno 96, kwa sababu mengine mengi yametokana nayo.

Muswada wa Kiswahili usiuhesabu kwa maneno. "Na" ni neno moja, na "tutakapowaeleza" ni neno moja, lakini la kwanza lina silabi moja na la pili lina nane. Vipimo vya maneno kwa sekunde mnavyovikuta kwenye vitabu vya kigeni vimepimwa kwa lugha yenye maneno mafupi, ndiyo maana kila mkisoma mnapitiliza. Hesabuni silabi. Msimulizi anayeeleweka, asiyekimbizwa, husoma kama silabi 5 kwa sekunde. Tukikadiria silabi mbili na nusu kwa neno, maneno yenu 96 ni silabi 240, yaani sekunde 48 za kuongea bila kuvuta pumzi. Hata msomaji hodari hawezi kuliokoa hilo.

Kwenye trela ya sekunde 30, sauti za watu zote kwa pamoja, msimulizi, mtangazaji na kauli za wageni, zisizidi sekunde 18. Hiyo ni silabi 90. Sekunde 12 zinazobaki ni za picha, muziki, mlio wa mlango, na ukimya. Ukimya nao uandikwe kwenye muswada kama kitu kinachofanya kazi.

Sasa namna ya kufika kwenye silabi 90. Andikeni kwanza swali moja ambalo mtazamaji atalibeba hadi Alhamisi. Moja tu. Rasimu yenu najua ilivyo hata kabla sijaiona: kodi, kisha dalali, kisha mwenye nyumba, kisha usalama, kisha maji. Hiyo ni ratiba ya kipindi imesomwa kwa haraka. Mtu akishajua vipengele vyote vitano hana sababu ya kurudi Alhamisi. Kwenye mada yenu swali lenye makali ni la dalali: anachukua kodi ya mwezi mzima, kwa kazi gani? Kila aliyepanga chumba mjini amewahi kujiuliza. Hayo mengine yaacheni, kipindi kitayabeba.

Mkishapata swali, andikeni sauti peke yake. Rekodini kwa simu, nyinyi wenyewe, bila kujali ubora, muipange kwenye programu ya kuhariri ikiwa na skrini nyeusi. Fumbeni macho msikilize. Kama bado inaeleweka na inavuta, ndipo mwandike picha. Mkianza na picha mtaandika shoti nzuri nzuri halafu mtatafuta maneno ya kuziunganisha, na hapo ndipo maneno 96 huzaliwa.

Muswada wenyewe uwe na safu nne: namba, muda, picha, sauti. Kwenye safu ya picha andikeni kinachoonekana tu. "Mwanafunzi ana wasiwasi" haionekani kwenye kamera. "Mwanafunzi anahesabu noti kwa mara ya pili" inaonekana, na mpiga picha anajua aweke kamera wapi.

Mfano kwa mada yenu, muubadilishe mnavyotaka:

0–3. Picha: karibu kabisa, mikono inahesabu noti juu ya godoro lisilo na shuka. Sauti: mlio wa noti, hakuna muziki. Kauli ya mwanafunzi: "Miezi sita. Kwa mkupuo."

3–8. Picha: mlango wa mbao unafunguliwa kutoka ndani, kisha chumba kitupu, dirisha la nondo. Sauti: bawaba ya mlango. Msimulizi: "Kodi ya miezi sita. Na mwezi wa saba, wa dalali."

8–13. Picha: shoti tatu za haraka, bango la CHUMBA KINAPANGISHWA, ufunguo, begi na ndoo kizingitini, kisha uso wa mwanafunzi wa kike. Sauti: muziki unaingia kwenye bango. Kauli: "Nimelipa, kumbe na mwingine kalipa."

13–17. Picha: studio gizani, taa zinawaka moja moja, mtangazaji anainua macho kutoka kwenye karatasi. Mtangazaji: "Dalali amekubali kuja."

17–23. Picha: uso wa dalali, anasikiliza, anavuta pumzi ya kujibu. Mtangazaji, nje ya picha: "Hela ya mwezi mzima, kwa kazi gani?" Muziki unakatika kabla hajafungua mdomo. Sekunde moja ya ukimya.

23–30. Kadi ya mwisho: jina, siku, saa, mahali. Msimulizi: "JINA. Alhamisi, saa moja usiku."

Maneno 34. Silabi 79, nikilikadiria jina kuwa la silabi nne. Shoti 11 ukihesabu na kadi. Zile kumi za kwanza zinagawana sekunde 23, wastani wa sekunde mbili na kidogo. Shoti zenu 31 zingepata chini ya sekunde moja kila moja, na uso wa mtu usiyemjua hautambuliki kwa muda huo ukifuatana na nyuso nyingine.

Kuhusu nani aongee: mtangazaji asisimulie trela nzima. Akiongea mwanzo hadi mwisho, inakuwa tangazo la "karibuni kwenye kipindi chetu". Mpeni sentensi mbili ambazo ni zake kweli, yaani kutambulisha mgeni na kuuliza. Mengine ni ya msimulizi na ya waliopatwa.

---

KameraYaPili

Nakubaliana na muswada wa hapo juu isipokuwa sekunde ya 17. Kipindi ni mubashara, kwa hiyo uso wa dalali kwenye trela maana yake mumlete studio mara mbili. Akikubali, vizuri: mwiteni kwa majaribio ya maiki na mrekodi dakika kumi. Asipokubali, msimweke mwenzenu ajifanye dalali. Hiki ni kipindi cha mambo ya kweli, na mtazamaji atakayeona sura moja kwenye trela na nyingine Alhamisi hatawaamini tena kwa lolote.

Pigeni kiti kitupu. Kiti cha mgeni, maiki ya kubana imening'inia kwenye mkono wa kiti, taa moja kutoka juu nyuma. Swali linaulizwa kwa kiti. Kwa maoni yangu kina nguvu kuliko uso, kwa sababu mtazamaji anamweka pale dalali wake mwenyewe. Kusogea taratibu hakuhitaji reli: rekodini kwa 4K kamera ikiwa imetulia, kisha kwenye uhariri wa 1080 (pikseli 1920 kwa 1080) mkuze picha kutoka asilimia 100 hadi 115 kwa sekunde nne.

Mipangilio, na sababu zake:

Kila kamera, na simu pia, iwe fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye 30. Ukichanganya 30 ndani ya mradi wa 25, programu inatupa fremu tano kila sekunde, na kitu kinachopita mbele ya kamera kinaonekana kurukaruka. Trela nzima ni fremu 750.

Shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inapatana na huko kumeta, ya 1/60 inaleta michirizi inayotambaa ukutani. LED za bei nafuu zina tabia yake: zikipunguzwa mwanga kwa kitufe ndipo zinaanza kumeta, hata kama zikiwa wazi (mwanga wote) zilikuwa safi. Rekodini sekunde kumi za ukuta mweupe kwa kila kiwango mtakachotumia, mtazame kwenye skrini kubwa kabla watu hawajafika. Kama inameta, acheni taa wazi na muisogeze mbali, au mtegeshe kitambaa cheupe mbele yake bila kugusana na taa.

Shoti ya taa kuwaka moja moja: fungeni kila kitu kwa mkono, mwanga, fokasi na waiti balansi. Ukiacha kamera ijiamulie, itafungua lenzi gizani, taa ya kwanza ikiwaka picha inageuka nyeupe, halafu inajirudisha polepole mtazamaji akiona. Pangeni mwanga taa zote zikiwa zimewaka, fungeni, zimeni, ndipo mrekodi.

Picha ya kulala na ya kusimama zote mbili zinatakiwa siku hizi, na uamuzi huo ni wa siku ya kurekodi. Ukikata picha ya kusimama kutoka ndani ya 1920 kwa 1080, upana unaobaki ni pikseli 608 tu, na ukiukuza kufika 1080 inakuwa na ukungu. Ukikata kutoka 4K unapata 1215, inatosha kabisa. Kwa hiyo vya nje ya studio vyote virekodiwe 4K, na kinachotakiwa kuonekana kikae katikati, ndani ya theluthi moja ya upana. Bandikeni utepe wa karatasi kwenye monita, mmoja kila upande, mpiga picha asikisie. Kamera za studio kama ni za 1080, mtangazaji apigwe mara mbili: mara ya kawaida, na mara kamera ikiwa imegeuzwa wima kwenye tripodi.

Kila shoti ishikiliwe sekunde kumi, hata kama kwenye muswada ni sekunde moja. Tatu za mwanzo na tatu za mwisho kamera isiguswe. Mhariri bila hizo hana pa kushikia.

Na msirekodi kwa mpangilio wa muswada. Chumbani maliza vya chumbani vyote: noti, mlango, chumba kitupu, ufunguo, begi. Kauli mbili za wanafunzi zirekodiwe humohumo ili ukuta ufanane. Dirisha liwe ubavuni mwa anayeongea, kamwe lisiwe nyuma yake. Bango la barabarani ni njiani. Studio ni siku nyingine. Kwenye bango kuna namba ya simu ya mtu: pigeni pembeni isisomeke, au muifute kwenye uhariri kwenye kila fremu. Namba hiyo ikiruka hewani mtamletea mwenye nayo simu za usiku kucha, na huenda hata hahusiki na mlichokisema.

---

mwaka_wa_tatu

Asanteni sana, wakuu. Kiti kitupu tumekichukua. Swali la haraka: dalali amekubali, lakini kwa simu tu. Tukiweka "Dalali amekubali kuja" halafu siku hiyo asitokee? Na je, jina kweli ni lazima kabla ya kurekodi? Tulidhani kadi ya mwisho tutaiweka hata asubuhi ya siku hiyo.

---

Bi Ratiba

Mdogo wangu, jina lipatikane kesho. Kadi unaweza kuibadilisha asubuhi, lakini msimulizi anatamka jina, na sauti iliyorekodiwa siku nyingine inasikika tofauti: umbali wa maiki, koo, feni ya chumba. Mtazamaji hajui kilichotokea ila anahisi kuna kiraka, tena kwenye neno ambalo ndilo mlitaka abaki nalo. Jina lisipite silabi sita, na mtu asiyehusika alisikie mara moja kwenye simu na aliandike bila kukosea. Akikosea, hatalipata YouTube.

Kuhusu dalali: ahadi ya simu haitoshi kuandikwa kwenye trela. Nendeni mkaonane naye, mumweleze maswali yatahusu nini (mada, si orodha ya maswali), mumwambie ni mubashara, na asaini fomu. Hata hivyo rekodini mstari wa pili siku ileile: "Tumemwita dalali." Silabi saba, inaingia mahali palepale, na ni kweli hata asipotokea. Akisaini, tumieni wa kwanza. Asiposaini hadi siku ya kutoa trela, wa pili. Kisha tafuteni dalali wa akiba.

Fomu ya ridhaa ni ya kila anayeonekana au kusikika na kutambulika: wanafunzi wawili wa kauli, mwenye mikono ya noti kama sura yake inaingia, dalali, na mwenye chumba mnachorekodia. Iseme kipindi gani, itarushwa wapi, vipande vitatumika kwenye trela na mitandao, na nani wa kumwona akitaka kujitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Yule mwanafunzi wa "kumbe na mwingine kalipa" muulizeni mara mbili, maana mwenye nyumba wake anaweza kuitazama. Asitaje mtaa, asitaje jina la mtu. Na mjue kwamba trela haina nafasi ya upande wa pili kujibu, kwa hiyo shutuma dhidi ya mtu anayetambulika haina mahali humo. Swali linaweza kuwa kali bila kumtaja mtu.

Saa. Hili linaharibu trela nyingi za wanafunzi. YouTube itaonyesha 19:00 au 7:00 PM. Msimulizi akipewa karatasi iliyoandikwa "7:00 PM" atasoma "saa saba", na watu watafungua saa saba mchana au hawatafungua kabisa. Kwenye muswada andikeni kwa maneno: saa moja usiku. Kwenye kadi: Saa 1:00 usiku, basi. Msiweke mbili kwa mpigo kwamba mnawasaidia walio nje ya nchi. Kwa hao tengenezeni chapisho lao.

Mikia. Siku ya kurekodi msimulizi asome mwisho mara tatu: "Alhamisi, saa moja usiku", "Kesho, saa moja usiku", "Leo, saa moja usiku". Ni dakika mbili za kazi. Toeni trela yenye "Alhamisi" siku sita kabla, ya "kesho" Jumatano, ya "leo" asubuhi ya Alhamisi. Msiandike "Alhamisi hii": mtu akitumiwa na rafiki wiki inayofuata atasubiri Alhamisi isiyokuwapo. Andikeni tarehe kamili kwenye kadi.

Kwa siku 12 mlizo nazo: leo na kesho ni swali, jina na sauti ya majaribio. Siku ya tatu muswada unafungwa, na mwongozaji na prodyuza wanasaini. Siku ya nne ni ya chumbani na bango. Siku ya tano, studio na sauti ya msimulizi. Usiku huohuo mhariri anaunganisha sauti na picha bila mapambo, na siku ya sita asubuhi watu watatu wasiojua mada waitazame mara moja na wajibu: kipindi kinahusu nini, kinaitwaje, ni lini. Wakishindwa moja, rekebisheni hiyo moja kabla ya mchana, jioni trela itoke. Siku zinazobaki ni za kipindi chenyewe, ambacho najua mmekisahau kidogo. Trela isile mazoezi ya kipindi.

---

masikio_mawili

Namba 4 haijajibiwa, na mimi ni mtu wa sauti, kwa hiyo nitakaa hapo.

Wimbo unaovuma una wenye haki zaidi ya mmoja: aliyetunga, na anayemiliki rekodi. Ruhusa ya kuupachika kwenye picha huombwa kwa wote. Kwa Tanzania haki hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuanzia mkitaka kujua. YouTube nayo ina mfumo wa kutambua nyimbo wenyewe: inaweza kuzuia video, au mwenye wimbo akachukua mapato yake. Kwa trela mnayoitoa siku sita kabla, kuzuiwa siku moja tu ni hasara kubwa. Hakuna kanuni ya "sekunde kumi ni bure". Ni imani tu inayozunguka vyuoni.

Njia zenu ni tatu. Ya kwanza ndiyo naipenda: mwanafunzi mwenzenu anayepiga gitaa, ngoma au kinanda awatungie sekunde 40, kwa karatasi iliyosainiwa inayosema ametunga mwenyewe na anaruhusu itumike kwenye trela na kipindi popote. Mpeni muswada wenye muda, ajue muziki unaingia sekunde ya 8 na kukatika kwenye 22. Muziki uliotungiwa picha hauhitaji kulazimishwa. Ya pili, maktaba ya muziki ya YouTube yenyewe. Someni kila wimbo, baadhi zinadai mtajwe kwenye maelezo. Ya tatu ni Creative Commons, yaani kazi ambazo wenyewe wametoa kwa leseni ya wazi, na hapa angalieni herufi: leseni yenye ND hairuhusu kazi kubadilishwa, na leseni hizo zinahesabu kuupangilia muziki na picha kuwa ni kuubadilisha. Kwa hiyo ND hamuwezi kuitumia hata bila kukata noti moja.

Kurekodi. Sauti yote 48 kHz, biti 24. Vilele vya msimulizi vicheze kati ya desibeli -12 na -6; vikigusa 0 sauti inapasuka na hairekebishiki. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kidogo pembeni ya mstari wa pumzi, na kichujio cha pumzi katikati. Angalieni mistari yenye "p" na "b": "kalipa", "saba", "amekubali". Hizo ndizo zitakazopiga bomu kwenye maiki. Zimeni kiyoyozi na feni, friji ya chumba jirani pia. Blanketi mbili nyuma ya msomaji na moja mbele zinaua mwangwi kuliko vibandiko vya sponji ukutani.

Chumbani kwenye kauli: chumba kitupu kina mwangwi mbaya sana, kuta za saruji na sakafu ya saruji. Godoro lisimamisheni nyuma ya kamera likimtazama anayeongea, tandikeni mablanketi sakafuni nje ya picha. Maiki ya kubana iwe kiganja kimoja chini ya kidevu. Mwenye hijabu, maiki ikae juu ya kitambaa, kifuani. Ikiwekwa chini yake kila akigeuza shingo utasikia mkwaruzo. Mwisho rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba bila mtu kusogea. Mhariri atazihitaji kujaza nafasi kati ya maneno. Akiweka ukimya wa kompyuta, sikio linashtuka.

Milio ya noti, mlango na ufunguo irekodiwe peke yake, maiki karibu, baada ya picha. Iliyo kwenye kamera haitoshi. Sekunde tatu za mwanzo wa trela yenu zina mlio wa noti bila muziki, na huo ndio utakaomfanya mtu aache kusogeza kidole.

Kuchanganya: muziki ushuke kama desibeli 12 hadi 15 kila mtu anapoongea, na uanze kushuka robo sekunde kabla ya neno la kwanza. Kwa YouTube na mitandao lengeni -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa trela nzima, kilele kisipite -1. Kama kuna kituo cha televisheni kitairusha, ombeni kipimo chao. Kinachofuata mwongozo wa Ulaya wa R128 kitataka -23, na faili la -14 kwao lina sauti kubwa mno. Halafu sikilizeni kwa simu, si kwa hedifoni. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo ngoma yote mliyoisikia studio itapotea, na kama mdundo uliokuwa unabeba mkato wa picha ulikuwa wa besi, mkato unabaki unaelea. Mwambieni mpigaji aongeze kitu cha juu: kayamba, makofi, waya wa gitaa.

---

meza_ya_uhariri

Nyongeza fupi ya kadi ya mwisho, maana wengi wataiona kwenye Status ya WhatsApp na si YouTube. WhatsApp inabana faili, na kinachokufa kwanza ni herufi nyembamba na rangi nyekundu juu ya nyeusi. Tumieni herufi nene, nyeupe au njano, bila kivuli laini. Mistari minne tu: jina, siku na tarehe, saa, chaneli. Isomeni kadi kwa sauti mara mbili bila haraka. Muda mliotumia ndio muda wa chini wa kuibakiza. Sekunde saba zinatosha kwa mistari minne, sekunde tatu hazitoshi. Nembo ya chuo iwe ndogo, pembeni, isipungue asilimia 5 kutoka ukingoni, na kwenye picha ya kusimama acheni moja ya tano ya chini bila maandishi kwa sababu vitufe vya mitandao hukaa hapo.

Faili la kutoa: H.264 (aina ya kubana video), 1920 kwa 1080, fremu 25, megabiti 12 kwa sekunde. Litakuwa kama MB 45. Nakala ya kusimama ifanyiwe uhariri wake, shoti kwa shoti, na kadi yake. Msiichukue ya kulala mkaikata pembeni yote kwa mpigo, mtakata nusu ya jina.

---

mwaka_wa_tatu

Jina limepatikana jioni hii, silabi sita (nitaliweka hapa trela ikitoka). Tumehesabu upya na mstari wa akiba wa dalali: silabi 81 kwa mstari wa kwanza, 78 kwa wa pili. Sauti ya majaribio imekaa sekunde 17. Dalali tunaenda kumwona kesho saa 4 asubuhi na fomu.

---

Bi Ratiba

Mko ndani ya 90, msiongeze neno. Chapisheni muswada nakala tisa, kila mmoja na yake, na namba ya toleo juu ya ukurasa wa kwanza. Kesho kwa dalali mwende wawili, mmoja aongee na mmoja aandike, na muulizeni kabisa atakuja na usafiri gani na atatoka kazini saa ngapi, maana Alhamisi jioni barabara zina foleni na mubashara haisubiri.